Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyesimulia nchi yake



Matengenezo ya Kanisa yalipofika Uholanzi, picha ziliondolewa makanisani. Wachoraji wakageukia mashamba yao, bahari, jikoni na watu wa mji, na kazi zao zikatundikwa katika nyumba za wafanyabiashara na mafundi. Ukiziangalia, unaiona Uholanzi yenyewe. Hapa Lubumbashi tulikuwa na ndugu aliyefanya jambo linalokaribiana na hilo.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947, mji ungali unaitwa Elisabethville. Alichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, na watu wa kawaida walinunua picha zake wazitundike saloni. Lakini yeye alijihesabu kuwa mwanahistoria.

Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, profesa aliyefundisha hapa chuoni. Alimletea picha zaidi ya 100, akimweleza kila moja kwa Kiswahili chetu cha Katanga: wafalme wa zamani, kuja kwa Wabeljiji, hukumu ya Simon Kimbangu, wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi Desemba 1941 walipogoma kwa ajili ya mshahara, uhuru wa 1960, kujitenga kwa Katanga. Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, aliwachora wamelala, na nyuma yao misalaba mitatu. Sisi wachungaji tutasema Mwokozi ni mmoja tu. Hata hivyo tunamwelewa: alitafuta mahali pa kupeleka damu ya watu waliouawa bila haki, akafika Golgotha.

Alichora hayo wakati wa chama kimoja, ambapo kusema wazi kulikuwa hatari. Mwanzo wa miaka ya 1980 akatoweka, asionekane tena. Hakuna kaburi tunaloweza kwenda kuliwekea maua. Fabian alitoa kitabu cha picha hizo na maelezo yake mwaka 1996, na picha zenyewe zinahifadhiwa Amsterdam, katika makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Basi mtoto wa Lubumbashi akitaka kuziona kwa macho yake, itampasa asafiri mpaka nchi ya wale wachoraji wa kale.

Wandugu wa mashariki, ninyi pia mmeona mengi. Yoshua aliwaamuru Waisraeli watoe mawe kumi na mawili Yordani, ili watoto wakiuliza maana yake, wazee wawe na la kujibu. Katika makanisa yetu wazee wanaojua majina ya vijiji vilivyochomwa na ya watu waliozikwa njiani wanaendelea kulala mauti. Jumapili hii, baada ya ibada, kijana mmoja akae na mzee mmoja, na daftari mkononi. Tusingoje mgeni aje kutuuliza.