Gakaara wa Wanjau: Funzo kwa Maktaba za Shule

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Machakos huiona milima ya Lukenya mara tu aupitapo mji wa Athi River. Walimu wa historia huwasimulia wanafunzi jinsi wapiganaji wa Mau Mau walivyolivamia gereza la Lukenya mnamo Septemba 1954 na kuwatorosha wafungwa. Ni wachache wakumbukao kwamba katika tambarare hizo hizo, kwenye kambi ya Athi River, alizuiliwa pia mtu ambaye silaha yake ilikuwa kalamu.

Gakaara wa Wanjau alizaliwa mwaka wa 1921 huko Nyeri. Alisoma Alliance, akafukuzwa kwa ajili ya mgomo wa wanafunzi, kisha akajiunga na jeshi la Mwingereza. Aliporejea uraiani alianza kuandika na kuchapisha vijitabu. Mwaka wa 1952 alitoa nyimbo na kiapo cha imani vilivyowatia moyo wapigania uhuru. Wakoloni wakavipiga marufuku, na hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20 mwaka huo, akatiwa mbaroni. Shule huru za Wakikuyu nazo zikafungwa. Mzazi alinyang'anywa kitabu, na mtoto akanyang'anywa darasa.

Huko Athi River wakuu wa kambi walimtaka aandike yale yaliyowapendeza wao, naye akaandika. Tusimhukumu upesi. Hapa pana funzo zito kuliko marufuku yenyewe: mdhibiti hatosheki kuufunga mdomo wa mtu, bali hutaka pia kuuazima. Hata hivyo, Gakaara aliweka shajara kwa siri. Ilichapishwa mwaka wa 1983 kwa jina Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini, na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Noma. Mwaka wa 1986 alikamatwa tena, safari hii na serikali ya Kenya huru, kwa tuhuma za Mwakenya. Alifariki mwaka wa 2001.

Je, haya yanamhusu vipi mwalimu wa leo? Yanamhusu sana. Mara kwa mara husikika sauti zikidai kitabu fulani kiondolewe shuleni kwa kuwa kinataja mapenzi, ufisadi au dini. Si kila dai ni la kupuuzwa. Mtoto wa darasa la nne hasomi kila asomacho kijana wa sekondari. Lakini kuchagua kitabu kwa kuzingatia umri ni jambo moja, na kukificha kwa hofu ni jambo jingine. Anayetaka kitabu kiondolewe na akisome kwanza chote, aandike sababu zake, na mwalimu apewe nafasi ya kujibu. La sivyo, kitabu hicho kitasomwa vichochoroni bila mwongozo wowote.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Shule iogopayo vitabu haiwezi kulea wasomaji, na taifa lisilo na wasomaji ni rahisi kulidanganya.