ALIKIMBIA MIMBARI!

Rafiki yangu kijana, umeshawahi kukaa darasani ukajiuliza, hivi mimi nilifikaje hapa? Wenzako wanaelewa, wewe unanakili tu. Uko chuo cha uuguzi, mwalimu anakuuliza kipimo cha dawa mbele ya mgonjwa, ulimi unakuwa mzito kama jiwe. Au unasomea ualimu, mkaguzi ameketi nyuma ya darasa na chaki inatetemeka mkononi. Usiku inakuja sauti: wewe si wa hapa, funga begi urudi kwenu. Basi soma habari za kijana mmoja aliyekuwa na kila sababu ya kuiamini sauti hiyo.

Jina lake David Livingstone. Ndiyo, yule yule wa Ujiji na Stanley! Shuleni tulifundishwa habari zake kama mpelelezi, na wengi wanasema alitangulia kuwafungulia wakoloni njia. Mjadala huo una haki yake, wala siukwepi. Lakini leo sizungumzi juu ya mzee mwenye ramani. Nazungumza juu ya mwanafunzi.

Alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia iliyoishi chumba kimoja. Alipofika miaka 10 akaingizwa kiwanda cha pamba, kazi ya kuunga nyuzi zinazokatika, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Mtoto wa miaka 10, jamani! Katika mshahara wa wiki ya kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Alikiegemeza juu ya mashine, na kila akipita mbele yake anadokoa sentensi moja. Usiku anakwenda shule, akirudi anabukua mpaka mama yake anamnyang'anya vitabu ili alale.

Sasa shika jambo hili, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Livingstone alilelewa katika nyumba ya dini, lakini kwa miaka mingi alijiona hastahili kuupokea wokovu mpaka kwanza moyo wake ubadilike. Akangoja, wee, akangoja. Alipokuwa na miaka kama 20 ndipo macho yalipofunguka: kumbe unapokelewa leo leo, bure, kwa sababu ya damu ya Yesu msalabani! Haleluya! Hakufanyiwa usaili, hakuombwa cheti. Akaokoka, na ndipo akaamua kusomea udaktari ili awe mmisionari.

Mwaka 1836 alitembea na baba yake kwenda Glasgow, kama kilometa 13, kwenye theluji, kutafuta chumba cha bei nafuu. Chumba cha kwanza kilikuwa shilingi mbili kwa wiki. Halafu akagundua kwamba sukari yake na majani ya chai vinaibiwa, ikabidi ahame. Wewe unayeishi geto unajua maisha hayo. Ada ya msimu mmoja ilikuwa pauni 12, na chuo kikifungwa anarudi kiwandani kutafuta nyingine.

Shirika la misheni la London likampokea mwaka 1838, lakini kwa majaribio tu. Likampeleka kwa mchungaji mmoja kule Ongar, kusini mashariki mwa Uingereza, afundishwe pamoja na wenzake. Kazi yao mojawapo ilikuwa kuandika mahubiri, kuyakariri, kisha kwenda kuhubiri katika makanisa ya vijijini. Jumapili moja zamu ikamwangukia yeye. Akapanda mimbarini, akasoma andiko lake taratibu. Halafu giza! Mahubiri yote yamefutika kichwani. Akawaambia watu kwamba amesahau kila alichotaka kusema, akashuka, akatoka nje mbio.

Hebu jiweke mahali pake. Watu wamekaa wanakutazama, na wewe unaukimbilia mlango.

Haikuishia hapo. Hata katika sala za pamoja alikuwa anasitasita, maneno hayatoki. Mwalimu wake akaandika ripoti mbaya, na wakubwa wa shirika wakakaribia kumkataa kabisa. Mjumbe mmoja tu alisimama kumtetea, aongezewe muda. Wakamwongezea miezi michache. Fikiri miezi hiyo ilikuwaje, kula, kulala na kusoma huku ukijua unapimwa! Lakini alibaki. Aliendelea na masomo, na mwisho wakampokea.

Musa naye alimwambia Mungu kwamba hajui kusema, na Gideoni alidai ukoo wake ni mnyonge kuliko wote. Hao hawakusubiri woga uishe, walikwenda nao. Shetani hupenda kumwambia kijana kwamba kuogopa ni dalili ya kutoitwa. Mwongo!

Mtihani wa udaktari aliufanya Glasgow, Novemba 1840, nao ulikuwa mgumu kuliko kawaida. Kisa? Kipimo cha kusikilizia kifua, ambacho enzi hizo kilikuwa kibomba cha mbao na bado madaktari wanakibishania. Livingstone akatofautiana na watahini wake juu ya chombo hicho, wakambana maswali kwa muda mrefu. (Siku ya mtihani si siku nzuri ya kubishana, hata yeye aliliona hilo baadaye.) Akafaulu. Alitaka kwenda China, vita vya kasumba vikaifunga njia. Desemba 8 akapanda meli kuja Afrika, daktari na mchungaji, umri miaka 27.

Hakuwa mhubiri wa kusisimua hata baadaye. Mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, wenzake Susi na Chuma walimkuta amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Yule aliyekosa maneno mbele za watu alikuwa bado anazungumza na Mungu wake.

Rafiki, kama nawe umekuwa ukingoja uwe mzuri kwanza ndipo umjie Yesu, usingoje. Usiku wa leo, baada ya mahubiri, watumishi watakuwa kando ya jukwaa. Nenda na woga wako, waambie unataka kuokoka. Waambie na kozi unayosoma, na mtihani ni lini, wauombee pia.