Sindano ya Teresia

Wengi wetu huamka asubuhi tukiona maisha hayana maana. Tumkumbuke Mtakatifu Teresia wa Lisieux, Ufaransa. Aliingia utawa wa Wakarmeli mwaka 1888, akiwa na miaka 15. Pasaka ya 1896 giza likamjia rohoni, hata mbingu akaiona kama haipo. Hakungoja giza liondoke. Alitimiza saa za sala ijapokuwa moyo ni mkavu. Alishona nguo za monasteri pamoja na sista mkali aliyeepukwa na wenzake, akamtazama kwa tabasamu. Alifariki tarehe 30 Septemba 1897, giza lingalipo, lakini halikumwangusha. Nasi tusingoje moyo uchangamke ndipo tufanye kazi; kwanza tuishike sindano iliyo karibu.