Kamau Alikuwa na Babu

Pale Feri namfahamu kijana auzaye korosho ili amlishe na kumsomesha mdogo wake. Wazazi wao wamefariki. Kila nimwonapo, humkumbuka Mzee Jomo Kenyatta, aliyefia Ikulu ya Mombasa tarehe 22 Agosti 1978.

Twamjua kama Rais wa kwanza wa Kenya. Wachache wakumbuka kuwa alikuwa yatima. Wakati huo aliitwa Kamau. Babake alipofariki, mamake, Wambui, alirithiwa na shemejiye, Ngengi, kwa mila za Wakikuyu. Ngengi aliwatendea watoto kwa ukali. Wambui akarudi kwao na kitinda mimba wake, aliyejulikana baadaye kama James Muigai, na huko akafa. Kamau, naye angali mtoto, alifunga safari kwenda kumchukua nduguye mchanga. Kisha yeye akahifadhiwa na babu yake, mganga wa jadi, kabla ya kujiunga na misheni ya Thogoto mwaka 1909.

Kamau alikuwa na babu. Kijana wetu wa Feri ana nani? Kumsifu kwa ushupavu hakulipi karo. Yatupasa sisi majirani tuwe babu yake.