Kadhi Aliyerudi Mkekani: Maisha ya Sayyid Ahmad bin Sumeit



Ndugu msomaji, sisi wanafunzi wa kigeni hapa Kigali tunajuana kwa maswali. Ukikutana na mwenzako kituo cha basi cha Sonatubes, kabla ya jina atakuuliza umetoka nchi gani, uko mwaka wa ngapi, na utarudi lini kwenu. Swali la tatu ndilo linalotushinda wengi. Kwa hiyo nilipoombwa kuandika maisha ya mwanachuoni mmoja wa Afrika Mashariki, nilimchagua aliyelijibu swali hilo kwa vitendo: Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumeit, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mtoto wa Itsandra

Alizaliwa mwaka 1861 Itsandra, mji ulio ufukweni katika kisiwa cha Ngazija, Komoro. Ukoo wake ni wa masharifu waliotoka Shibam, Hadhramaut. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mtu wa elimu kwa pamoja, kama walivyokuwa masharifu wengi wa wakati ule, na ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Baba alifariki Ahmad akiwa bado kijana mdogo. Kijana akaingia katika kazi ya familia, biashara ya baharini, akawa anazunguka na vyombo baina ya visiwa na bandari za pwani. Lakini elimu hakuiacha. Alipofika umri kama wa wengi wetu tunaosoma gazeti hili, alikwenda Hadhramaut, nchi ya wazee wake, akakaa mbele ya masheikh wa huko.

Tusimfikirie mwanafunzi wa wakati ule kama sisi. Hakukuwa na barua ya kukubaliwa chuo, wala ada ya muhula, wala cheti chenye mhuri. Mwanafunzi alimwendea sheikh, akakaa mkekani, akasoma naye kitabu mpaka mwisho, na sheikh akiridhika humpa ijaza, yaani ruhusa ya kukisomesha kitabu kile kwa mlolongo wa walimu unaojulikana. Elimu ilikuwa imekaa vifuani mwa watu, na watu hao walikuwa wametawanyika. Ndiyo sababu kusoma na kusafiri vilikuwa karibu kitu kimoja.

Kadhi wa miaka ishirini na miwili

Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alimteua kuwa kadhi. Sultani na ukoo wake walikuwa Ibadhi, na raia wengi wa visiwani walikuwa Shafi, kwa hiyo serikali iliweka makadhi wa madhehebu zote mbili. Sayyid Ahmad alikuwa kadhi wa Kishafi. Fikiria mzigo huo kwa kijana wa miaka ishirini na miwili: mirathi, talaka, wakfu, na wazee waliomzidi umri mara tatu wakingoja hukumu yake.

Haikuchukua miaka mingi, yeye na Sultani hawakuelewana, akaiacha kazi na kuondoka Zanzibar. Nalitaja hili wazi kwa sababu tunapenda kusimulia safari za wanavyuoni kana kwamba wote walitoka nyumbani kwa moyo mkunjufu. Wako wanaotoka kwa hiari, na wako wanaosukumwa. Hata miongoni mwetu hapa, wapo waliokuja kwa ufadhili na wapo waliokuja kwa sababu nyumbani palikuwa hapakaliki. Sayyid Ahmad alisukumwa. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa kuamua safari ile aifanyie nini.

Istanbul, Misri, Makka

Alikwenda Istanbul, akafikia kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa karibu na Sultani Abdulhamid wa Pili. Sayyid Fadhl alitoka Malabar, India, ambako Waingereza walimfukuza mwaka 1852 na hawakumruhusu kurudi tena. Mtu aliyekwisha kuhukumu watu alikaa tena mbele ya mwalimu, akawa mwanafunzi wake. Kwa njia ya mwalimu huyo alitunukiwa nishani na Sultani wa Uthmania.

Hapo angeweza kubaki. Alikuwa na mwenyeji mwenye cheo, nishani kifuani, na mji mkubwa kuliko yote aliyopata kuishi. Lakini aliendelea na safari: akapita Misri, nchi ya Al-Azhar, akafika Makka kusoma kwa wanavyuoni waliokuwa wakisomesha pale Haram, na safari ikamfikisha mpaka Java. Kote huko hakwenda kama kadhi wa Zanzibar. Alikwenda kama mtu mwenye kitabu mkononi anayetafuta nani atamsomesha.

Barghash alifariki mwaka 1888, na katika mwaka huo huo Sayyid Ahmad alirudi Zanzibar. Sultani mpya, Khalifa bin Said, alimrudisha kwenye ukadhi. Kiti kilikuwa kile kile, na kesi zilikuwa zile zile za mirathi na talaka. Aliyebadilika alikuwa yeye.

Baada ya kurudi

Mwishoni mwa karne ya 19, akiwa kadhi anayeheshimiwa na mwenye wanafunzi wake, alisafiri tena kwenda Hadhramaut kuwazuru masheikh na kuchukua zaidi kutoka kwao. Kwa hiyo suala si kwamba alisoma ujanani kisha akakaa juu ya kiti. Kila alipohisi pengo, alirudi mkekani.

Zanzibar alikuwa na rafiki wa karibu, Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyesoma kwake na akasafiri naye pia kwenda Makka na Hadhramaut kutafuta elimu. Sheikh Abdallah ndiye aliyesomesha Ukutani, katika Mji Mkongwe, na ndiye aliyekwenda mpaka Cape Town kusuluhisha mgogoro wa Waislamu wa huko. Watu hawa wawili waliigeuza Zanzibar kuwa mahali ambapo vijana wa pwani nzima walikuja kusoma. Kutoka Mombasa alikuja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kutoka Ngazija alikuja mwana wa Sayyid Ahmad mwenyewe, Sayyid Umar, aliyeushika ukadhi Zanzibar baada ya baba yake. Yule aliyekwenda ugenini kusoma, sasa wageni walikuja kusoma kwake.

Sheikh Abdallah Bakathir na Sayyid Ahmad walifariki mwaka mmoja, 1925. Sayyid Ahmad alifariki mwezi wa Mei, akazikwa Malindi, Unguja, karibu na Msikiti wa Ijumaa.

Sisi na yeye

Mimi natoka Unguja. Kabla ya kuja hapa nilikuwa nasomesha madrasa mtaani kwetu, watoto wakiniita ustadhi, na Ramadhani nikisalisha tarawehe. Hapa Kigali nimepanga chumba nyuma ya barabara ya Sonatubes. Muuza duka ananijua kwa jina la nchi yangu tu, mhadhiri ananijua kwa namba ya usajili, na masomo ni kwa Kiingereza. Kinyarwanda nakiokota neno moja moja kwenye basi. Najua siko peke yangu. Wapo ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Komoro waliokuwa maimamu na walimu kwao, na hapa wanakaa kiti cha nyuma wakiogopa kuuliza swali. Wengine wamefungasha kabla muhula wa kwanza haujaisha. Si kwamba akili zao ni ndogo. Ni uzito wa kuwa mtu mkubwa jana na kuwa mtoto leo.

Naamini hili ndilo jambo analotufundisha Sayyid Ahmad kuliko mengine. Tunapokwenda nje kusoma, nyumbani hatutakiwi kupaacha. Tunachotakiwa kukiacha mpakani ni cheo. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alikuwa tayari ni nabii alipofunga safari kumtafuta mja aliyekuwa na elimu asiyokuwa nayo yeye. Kisa hicho tunakisoma kila Ijumaa katika Suratul Kahf.

Na upande wa pili wa jambo hili ni kurudi. Mwezi uliopita ami yangu alinipigia simu. Mwalimu mkuu wa madrasa yetu ni mgonjwa, na wazee wanataka nirudi sasa nishike nafasi yake, ilhali nimebakiza mwaka mmoja na nusu. Sikulala vizuri siku zile. Kukaa kuna gharama: watoto wale hawana mwalimu mwingine wa kudumu, na mwalimu wangu huenda nisimkute. Kurudi nako kuna gharama: nitawapa kile kile nilichokuwa nacho nilipoondoka.

Nimewajibu kwamba nitamaliza, na kwamba kila likizo ndefu nitapanda basi la Dar es Salaam kisha boti, nikasomeshe mpaka chuo kifunguliwe. Ami hakufurahi sana, ila amekubali, na nimemuahidi tarehe. Ahadi hiyo nimeiandika hapa ili nanyi mnikumbushe, kwa sababu njia zinazotoka Sonatubes ni nyingi, na mojawapo inakwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Wenzetu wengi hodari wameishika hiyo, na kwao hawakurudi tena hata kwa likizo.

Sayyid Fadhl alitamani kurudi kwao akazuiwa. Sayyid Ahmad njia ilipofunguka alirudi, na Mombasa, Lamu na Ngazija zikanufaika. Sisi njia zetu ziko wazi.

Mwenyezi Mungu awarehemu masheikh wetu waliotangulia, ampe shifaa mwalimu wangu na walimu wenu walio wagonjwa, na aturudishe makwetu tukiwa na kitu cha kuwapa watu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.