Gandhi na bakuli la choroko lililokaribia kumuua

Na Mwandishi Wetu, Singida

CHOROKO zinazovunwa katika vijiji vya Mkoa wa Singida haziishii zote katika masufuria ya hapa nchini. Sehemu yake hununuliwa na wafanyabiashara na kuvushwa bahari hadi India, nchi ambayo kwa miaka mingi imekuwa mteja mkubwa wa choroko, dengu na mbaazi za Tanzania.

Huko punje hizo huchanganywa na mchele, samli, manjano, tangawizi na bizari nyembamba, zikapikwa mpaka zikalainika kama uji mzito. Wahindi hukiita chakula hicho khichdi. Watu wa pwani yetu wanacho cha namna hiyo, nao hukiita mseto.

Kwa matabibu wa Ayurveda, elimu ya kale ya tiba ya India, chakula hicho ni dawa ya tumbo. Wanafundisha kwamba ndani ya tumbo mna moto unaosaga chakula, na moto huo ukififia, mabaki yasiyosagika hugeuka uchafu mwilini. Njia ya upole ya kuuondoa si haluli kali, bali ni kulipumzisha tumbo kwa mlo mmoja mwepesi hadi moto uwake tena. Wenyeji wa Singida, waliozoea ugali wa uwele na mlenda unaoteremka kooni bila taabu, hawahitaji maelezo marefu kuielewa hoja hiyo.

Miongoni mwa Wahindi mashuhuri, ni vigumu kumtaja aliyelichukulia suala la tumbo kwa uzito kumzidi Mohandas Karamchand Gandhi, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la heshima la Mahatma. Hata hivyo, ni choroko hizo hizo zilizokaribia kumuua.

Gandhi alizaliwa Oktoba 2, 1869 katika mji wa Porbandar, Gujarat. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa dini aliyefunga mara kwa mara. Katika msimu mmoja wa mvua aliweka nadhiri ya kutokula mpaka alione jua, na watoto walikuwa wakikodolea macho mawingu, wakakimbia ndani kumpa habari, naye akitoka akakuta jua limekwisha kujificha. Alirudi kwenye kazi zake bila kula na bila kununa.

Mwaka 1888 kijana huyo alikwenda London kusomea sheria, baada ya kumwapia mama yake kuwa hatagusa nyama wala pombe. Alishinda na njaa hadi alipogundua mgahawa wa wasiokula nyama. Baadaye aliacha viungo, akahamia chumba cha bei nafuu na kujipikia uji wa shayiri mwenyewe.

Aprili 1893 alipanda meli kuelekea Afrika Kusini na kupita katika mwambao wetu. Pale Lamu nusura aachwe na meli. Ngazi ilikwisha kupandishwa, ikabidi avutwe juu kwa kamba. Zanzibar alikaa takriban siku nane au kumi akisubiri kubadili meli.

Afrika Kusini ndiko tumbo lilipomfundisha. Alisumbuliwa na kufunga choo na maumivu ya kichwa, akawa anategemea haluli. Aliacha kifungua kinywa, na kichwa kikapoa. Choo kiligoma, mpaka alipojaribu tiba ya Mjerumani Adolf Just, ya kufunga tumboni kitambaa chenye udongo uliolowanishwa kwa maji baridi. Mwaka 1913 aliandika mfululizo wa makala za afya kwa Kigujarati katika gazeti lake, Indian Opinion.

Mke wake, Kasturba, alipougua, Gandhi alimsihi aache chumvi na jamii ya kunde. Mama huyo alimjibu kwamba hata yeye mumewe asingeweza kuviacha. Gandhi akaviacha papo hapo, kwa mwaka mzima, na mama wa watu akalia. Mwaka 1912 aliacha pia maziwa. Mwaka 1915, akiwa amerejea India, aliapa kutokula aina zaidi ya tano za vyakula kwa siku, wala kula baada ya giza kuingia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kuishi na mtu wa namna hiyo kulihitaji moyo.

Mwaka 1918 alikuwa wilayani Kheda akihamasisha vijana kujiunga na jeshi, kazi iliyomchosha mno. Alipata kuhara kidogo, akaamua kufanya kile ambacho tabibu yeyote wa Ayurveda angekikubali: kutokula. Lakini siku hiyo ilikuwa sikukuu. Kasturba alimpikia uji mtamu wa ngano uliotiwa mafuta badala ya samli, kwa sababu ya nadhiri ya maziwa, na akamwekea bakuli zima la choroko.

Gandhi alidhani angeonja tu kumridhisha mkewe. Alikula akashiba. Saa moja haikupita, kuhara damu kukamshika kwa nguvu.

Alikataa dawa na sindano, akanyong’onyea hadi akaamini anakufa. Ilikuwa Januari 1919, mjini Bombay, ambapo daktari alimweleza wazi kuwa bila maziwa mwili huo hautajengeka tena. Mgonjwa akashikilia nadhiri yake. Kasturba, aliyekuwa kando ya kitanda, akadakia kwamba nadhiri ile ililenga maziwa ya ng’ombe na nyati. Ya mbuzi hayakutajwa.

Gandhi alikubali. Akapona, lakini jambo hilo lilimchoma: alikiri katika kumbukumbu zake kuwa alishika maneno ya nadhiri na kuvunja roho yake.

Kwa Ayurveda yenyewe hakuwa mfuasi wa kuitikia tu. Mwaka 1925, alipoalikwa kuweka jiwe la msingi la chuo cha elimu hiyo mjini Calcutta, aliwalaumu matabibu wake kwa kujivunia sifa za mababu bila kufanya uchunguzi mpya. Alichokithamini ni jiko: chakula kidogo, kisicho na anasa, kinacholiacha tumbo likiwa jepesi.

Mwaka 1942, akiwa kizuizini katika kasri la Aga Khan mjini Pune, aliandika upya mawazo yake kuhusu afya. Humo ndimo Kasturba alimofia, Februari 22, 1944.

Januari 30, 1948, mjini Delhi, Gandhi aliletewa mlo wake wa jioni: maziwa ya mbuzi, mboga zilizopikwa na mbichi, machungwa, na mchanganyiko wa tangawizi, ndimu, samli na maji ya mshubiri. Alikula akizungumza na waziri Vallabhbhai Patel, mazungumzo yakamchelewesha. Saa 11 jioni ilikuwa imepita dakika chache alipotoka kwenda kwenye sala, na njiani akapigwa risasi tatu.