Taiichi Ohno: Mzee wa kadi aliyekataa kazi irundikwe

Ukipanda Probox kutoka Migori kwenda Homa Bay kupitia Rongo, umekalia gari la kampuni iliyopangwa upya na Mjapani mmoja ambaye pengine hujamsikia. Jina lake Taiichi Ohno. Na kama kazini mnatumia Trello, ule ubao wa kidijitali wenye kadi za kazi, wazo hilo pia lilianzia kwake.

Ohno alizaliwa 1912 mjini Dalian, Uchina. Mwaka 1932 aliajiriwa kwenye kiwanda cha nguo cha familia ya Toyoda, na 1943 akahamia kampuni yao ya magari. Vita vikaisha, Japani ikawa haina kitu. Mwaka 1950 Toyota ilibaki kidogo tu ifilisike: wafanyakazi waligoma, wengi wakapoteza ajira, na mwanzilishi Kiichiro Toyoda akajiuzulu.

Ndiyo maana Ohno alichukia marundo. Kipuri kinacholala stoo ni pesa iliyolala, na pesa yenyewe hamna. Viwandani, kila idara ilitengeneza inavyoweza kisha ikasukumia wenzao. Yeye akageuza, akiiga supamaketi za Marekani: mteja anachukua, rafu inapungua, ndipo inajazwa. Si ni kama mama wa samaki pale Migori? Akiagiza Homa Bay kulingana na alichouza, anapata faida. Akiletewa tu kila kilichovuliwa, kinamuozea.

Karibu 1953 akaanza kutumia kadi, yaani kanban, kwenye karakana yake. Kadi ilikaa na sanduku la vipuri. Vikichukuliwa, inarudi kwa mtengenezaji, na hiyo ndiyo oda. Bila kadi, hutengenezi. Na kadi zilikuwa za kuhesabika, kwa hivyo rundo halingeweza kukua. Alipingwa, na mwenyewe alikuwa mkali kwelikweli. Mfumo ulienea Toyota nzima miaka ya mapema ya 1960. Ohno alistaafu 1978 na kufariki 1990.

Miaka ya 2000 watengenezaji wa programu wakachukua wazo lake. Sasa fungua ubao wenu. Bosi anabandika jina lako kwenye kadi kumi, zote ziko "inafanywa", na hakuna inayoisha. Hapo mmebeba kadi za Ohno mkaacha akili yake. Bado mnasukumiana.

Kurekebisha si ngumu. Wekeni kikomo kwa kila safu, tuseme kadi tatu. Programu nyingi huonyesha tu rangi nyekundu mkizidisha. Ikiwezekana, iseti ikatae kabisa kadi ya nne, maana ya Ohno ilikataa. Gawanyeni safu mara mbili, "inafanywa" na "iko tayari", ili anayefuata aone cha kuvuta. Kadi mpya zikae kwenye foleni bila jina. Bosi apange ipi ni ya kwanza, mwenye nafasi aivute. Na mkikutana asubuhi, anzeni na kadi zilizo karibu kuisha.

Bosi atasema mnazembea. Mwonyeshe kazi ngapi zimemfikia mteja wiki hii, kwa sababu mteja halipii kadi iliyoanzwa, analipia iliyoisha. Kwa kijana anayeishi kwa malipo ya kila kazi, hiyo ndiyo kodi ya nyumba. Kabla hujavuta nyingine leo, maliza moja.